UZI: Mashujaa wa katuni mezani, Lamu ikiwa ndiyo uwanja. Kanuni zipi, nguvu kiasi gani, na mchezo huharibikia wapi

Nahodha_Mkomani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Maswali yamekuwa mengi kuhusu michezo ya kuigiza mezani ya mashujaa wa katuni (kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimamizi husimulia yanayotokea), hasa kwa vijana wanaotaka shujaa wao aishi Lamu hii hii, asihamishiwe mji wa maghorofa wa Marekani. Naweka ninachokijua hapa. Wenye ujuzi zaidi waongeze na wasahihishe.

Kabla hujachagua kitabu cha kanuni, pima mji. Vitabu hivi vimeandikwa vikiwa na New York au Metropolis akilini, miji ambayo shujaa anayeruka kwa kasi ya eropleni bado ana safari ndani yake. Kwetu, kutoka gatini hadi Shela ni kilomita 3 hivi. Ukimpa mchezaji nguvu za kawaida za kitabu, kisiwa kizima kinakuwa chumba kimoja. Hakuna kufukuzana, hakuna kuchelewa, na mwenzake asiyeruka hana kazi.

Chukua Mutants & Masterminds, toleo la tatu la 2011 kutoka kampuni ya Green Ronin, lililosukwa na Steve Kenson. Kanuni zake ndizo zilizotumika pia kwenye DC Adventures ya 2010. Humo raundi ni sekunde 6, na kila ngazi ya kuruka hugharimu alama 2 za kujengea mhusika na kuzidisha kasi mara mbili. Ngazi ya 8 ni maili moja kwa raundi, yaani kilomita 1.6. Raundi mbili tu mtu yuko Shela, na mwenziwe wa miguu bado anapishana na punda Langoni. Ngazi ya 3 ni futi 250, mita 75 hivi kwa raundi. Safari ile ile inachukua kama dakika 4. Hapo pana mchezo. Aliye chini anaweza kupanda mashua ya injini, anaweza kumtuma mtu mbele, na adui anaweza kufika kwanza.

Pendekezo langu kwa Lamu: kiwango cha nguvu 8 badala ya 10 iliyozoeleka. Alama za kujengea mhusika ni kiwango mara 15, kwa hiyo 120 badala ya 150. Kuruka kusizidi ngazi ya 4, na nguvu za mwili zisizidi 7. Nguvu 0 huinua pauni 50, na kila ngazi hudabulisha, kwa hiyo 7 ni kama tani 3. Anayeinua tani 3 huibeba mashua ya uvuvi mgongoni. Hiyo ni ajabu ya kutosha kwa mji ambao mizigo hupita kwa punda na kwa bega.

Sasa usawa wa wachezaji. Wengi hudhani alama 120 kwa kila mtu ndizo zinazoleta usawa. Siyo. Usawa unaletwa na mipaka ya jozi: bonasi ya kushambulia ukijumlisha na ngazi ya kipigo isizidi kiwango mara mbili, kukwepa na ugumu wa mwili vivyo hivyo, kukinga na ugumu vivyo hivyo, afya na utashi vivyo hivyo. Kwenye kiwango 8, kila jozi mwisho wake ni 16.

Tazama inavyofanya kazi. Adui ana kukwepa 8 na ugumu 8. Shujaa wa kwanza ana shambulio 6 na kipigo 10. Lengo lake ni 10 + 8 = 18, kwa hiyo kwenye dadu ya pande ishirini anahitaji 12 kwenda juu, asilimia 45. Akipata, adui anarusha kwa ugumu wake dhidi ya 15 + 10 = 25. Akirusha 17 kwenda juu ameponea. 12 hadi 16, anapungukiwa ugumu kwa 1. 7 hadi 11, anapungukiwa 1 na kuduwaa. 2 hadi 6, anapepesuka. Akipata 1, yuko chini. Shujaa wa pili ana shambulio 10 na kipigo 6: anapiga kwa asilimia 65, lakini adui anaponea kwa 13 tu, na hakuna namba ya kumwangusha kwa pigo la kwanza. Mmoja ni nyundo, mwingine ni mvua ya rasharasha, na wote wanahitajika: zile alama 1 za ugumu anazomega wa pili ndizo zinazomfungulia njia wa kwanza. Waelezeni wachezaji hili kabla ya kikao cha kwanza, maana mwenye mapigo madogo hukata tamaa akidhani hafanyi kitu.

Panapoharibika ni kwenye nguvu mbadala. Kanuni inaruhusu, ukishanunua nguvu moja kubwa, uongeze nyingine ya gharama ile ile kwa alama 1 tu, mradi zisitumike pamoja. Kipigo cha mbali cha ngazi 10 ni alama 20. Kwa alama 5 zaidi mchezaji mjanja anapata uponyaji, ukuta, kutoonekana, kusoma akili na kamba za umeme. Hajavunja kanuni yoyote, na amekula kazi ya wenzake wanne. Mimi naweka kikomo cha mbadala mbili kwa mhusika, na zote ziwe za asili moja: wa maji ni wa maji.

---

Mwanafunzi_Mokowe

Shukran sana Nahodha. Swali: dadu za pande ishirini huku hazipatikani madukani. Zilizopo ni za ludo. Tutumie programu ya simu?

---

KeteNaDadu

Simu inafaa, lakini dadu mbili za ludo za rangi tofauti zinatosha, na kila mtu mezani anaona matokeo.

Kupata 1 hadi 20: rusha nyekundu, ikitoka 6, rudia. Toa 1, zidisha kwa 4. Kisha rusha nyeupe. Ikitoka 5 au 6, rudia. Jumlisha. Nyekundu 3 na nyeupe 2: (3 − 1) × 4 + 2 = 10. Kila namba ina nafasi sawa. Msijaribu kujumlisha dadu tatu na kuongeza mbili mkadhani ni sawa. Namba za katikati zitatoka mno na zile hesabu za Nahodha zitapotea.

Kupata 1 hadi 10: nyekundu ikiwa witiri hesabu 0, ikiwa shufwa hesabu 5, nyeupe 1 hadi 5, na 6 rudia. Fanya mara mbili upate asilimia.

Ila kama mna dadu za ludo tu, mchezo uliotengenezwa kwa ajili yake upo: Marvel Multiverse Role-Playing Game, kitabu kikuu kilitoka 2023, mtunzi Matt Forbeck. Unarusha dadu tatu za pande sita, moja ya rangi tofauti ndiyo Dadu ya Marvel. Ikionyesha 1, inahesabiwa 6, na ukifaulu unakuwa umefaulu kwa kishindo: madhara mara mbili. Wastani wa dadu tatu ni 11.33 badala ya 10.5, jambo la kukumbuka unapopanga ugumu wa kazi. Jina la mfumo huo, d616, linatokana na Earth-616, dunia kuu ya hadithi za Marvel.

Tahadhari kubwa ni kuchanganya ngazi. Wahusika wana ngazi 1 hadi 6. Madhara ni Dadu ya Marvel mara ngazi yako, jumlisha uwezo wako. Shujaa wa ngazi 4 mwenye uwezo wa ana kwa ana 7 hutoa kama 24 kwa pigo la kawaida. Wa ngazi 2 mwenye ustahimilivu 2 ana afya 60, kwa hiyo hustahimili mapigo mawili, la tatu humwangusha. Lakini kishindo cha yule wa ngazi 4 ni (6 × 4 + 7) × 2 = 62. Pigo moja. Na Dadu ya Marvel huonyesha 1 mara moja kwa kila sita. Ukiona msimamizi anaweka adui wa ngazi 4 mbele ya vijana wa ngazi 2 “ili iwe changamoto”, mwambie ahesabu kwanza. Tofauti ya ngazi moja inavumilika, mbili ni hatari.

---

Shela_Kusini

Niongeze jambo ambalo hapa kwetu litaulizwa tu. Wapo wasioshika dadu kwa sababu za dini, na wazazi wao pia hawataki kuziona barazani. Msiwabishie wala msiwatenge. Njia zipo.

Vipande ishirini vya karatasi ngumu ndani ya kikombe, vya ukubwa mmoja, vilivyokunjwa kwa namna moja. Kinachotolewa kinarudishwa kabla ya mwingine kuchota. Kisiporudishwa, hesabu inahama. Na kwa ambaye hataki bahati kabisa, kuna kanuni za Marvel za 2003 ambazo hazina dadu hata moja. Kila mhusika ana akiba ya vijiwe vya nguvu. Ukitaka kufanya kitendo unatenga vijiwe, adui anatenga vyake vya kujilinda, vinafunuliwa pamoja, kilichozidi ndicho kilichopita. Akiba hurudi kidogo kidogo kila zamu. Kete za bao zinafaa moja kwa moja: komwe mkononi, ngumi imefumbwa, mnafumbua pamoja. Anayejua bao atauelewa mchezo huu haraka, maana wote ni wa kuhesabu akiba ya mwenzio.

Udhaifu wake: wanaohesabu haraka huwazidi wengine kila mara. Wape nafasi ya kufikiri kwa muda uliowekwa, wote sawa.

---

Mzee_wa_Karatasi

Wanangu, msisahau vya zamani, kwa kuwa humo ndimo mambo mengi yalikoanzia. Mchezo wa kwanza wa mashujaa ulikuwa Superhero 2044, 1977. Champions ukafuata 1981, na ndio uliotia nguvu wazo la kununua uwezo wowote kwa alama. Marvel Super Heroes wa kampuni ya TSR ni 1984, DC Heroes wa kampuni ya Mayfair ni 1985.

Huu wa TSR ndio ninaoupendekeza kwa asiyependa hesabu. Jedwali moja, dadu ya asilimia, rangi nne: nyeupe umekosa, kijani, njano, nyekundu. Mtu wa kawaida hukosa kwa 50 kwenda chini; mwenye uwezo wa ngazi ya 40 hukosa kwa 30 kwenda chini. Mchezaji akishaiona rangi, hahitaji kuelezwa. Afya ni jumla ya kupigana, wepesi, nguvu na ustahimilivu. Karma ni jumla ya akili, hisia na nafsi. Karma inanunua ushindi: unaweza kuiongeza kwenye namba uliyorusha, ila lazima utangaze kabla ya kurusha, na utalipa si chini ya 10.

Na hapa pana uzuri wa huu mchezo. Shujaa akiua, Karma yake yote inafutika. Haipunguzwi, inafutika. Kanuni moja hiyo inawafundisha wachezaji kufikiri kama mashujaa wa katuni kuliko hotuba yoyote ya msimamizi.

Kasoro yake ni deraya, yaani kinga ya mwili. Deraya hutolewa kwenye madhara moja kwa moja. Mwenye deraya 40 akipigwa na mwenye nguvu 30, hakiingii kitu, hata arushe nyekundu usiku kucha. Mkiwa na mhusika kama huyo, hakikisheni adui ana njia nyingine: sumu, akili, maji, au mateka.

DC Heroes ni wa kupendeza kwa kipimo chake. Uzito, umbali na muda vyote viko kwenye ngazi moja, na kila ngazi hudabulisha. 0 ni pauni 50, futi 10, sekunde 4. Kwa hiyo kutupa kitu ni kutoa tu: nguvu kutoa uzito ni umbali. Mashua ya tani 2 ni uzito 7. Mwenye nguvu 10 atairusha ngazi 3, futi 80. Mwenye nguvu 8 atairusha ngazi 1, futi 20. Hesabu ya kichwani, hakuna kufungua kitabu.

---

Binti_Langoni

Mzee, heshima yako. Nakubaliana nawe kuhusu Karma, lakini kote mlikozungumza ni mapigano, na kijana wa Lamu mwenye nguvu za ajabu tatizo lake la kwanza ni watu wa nyumbani. Kwa hilo Masks: A New Generation ya 2016, ya Brendan Conway, haina mshindani.

Dadu mbili za ludo basi. Unajumlisha na moja ya sifa tano: hatari, kituko, mwokozi, bora, wa kawaida. Zinaanzia −2 hadi +3. 10 kwenda juu umefaulu vizuri, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kwenda chini msimamizi anasema kinachotokea, nawe unaweka alama ya kukua. Sifa hizo si misuli. Ni jinsi kijana anavyojiona. Mtu mwenye ushawishi juu yako akikwambia wewe ni nani, sifa moja inapanda na nyingine inashuka. Na kwa kanuni, watu wazima wote wanaanza mchezo wakiwa na ushawishi juu ya vijana.

Sasa fikirieni Lamu. Bibi barazani, mjomba mwenye jahazi, mwalimu wa madrasa, jirani wa daka la pili. Bibi akisema “wewe mwanangu ni mtoto wa kawaida, mambo ya kuruka juu ya mapaa waachie wengine”, wa kawaida inapanda, hatari inashuka, na usiku ule kijana akipambana na adui anarusha kwa namba ndogo. Maneno ya bibi yamefika mpaka kwenye dadu. Mchezaji anaweza kuyakataa, lakini naye atarusha kuyakataa.

Hakuna afya humu. Kuna hali tano: hofu, hasira, hatia, kukata tamaa, kutojiamini. Kila moja inakutoa 2 kwenye vitendo fulani. Ukipigwa pigo zito unarusha na kujumlisha idadi ya hali ulizonazo, na hapa namba kubwa ni mbaya. Zote tano zikijaa, inayofuata inakutoa uwanjani. Kuondoa hali unatenda: mwenye hasira anaumiza mtu au kuvunja kitu cha maana, mwenye hofu anakimbia jambo gumu, mwenye hatia anajitoa mhanga kulipia.

Kosa la kawaida: msimamizi anatumia wazee kama vyanzo vya matusi tu. Wachezaji wanawachukia, wanawakwepa, kanuni inakufa. Mzee anayempenda kijana na kumkosea kidogo ndiye mwenye uzito.

---

Malindi_Pwani

Naomba kuuliza jambo la nguvu za hali ya hewa. Mchezaji wangu anataka mtu kama Storm, na hoja yake ni kwamba Storm kwenye hadithi za Marvel mama yake ni Mkenya, kwa hiyo hapa ni kwao. Nimkubalie?

---

Nahodha_Mkomani

Mkubalie, lakini ujue unampa nini. Kwenye mji ambao samaki, mchanga, abiria na dawa vinapita majini, anayeshika upepo ameshika kila kitu. Katika Mutants & Masterminds nguvu ya kubadili mazingira ngazi ya 1 ni duara la futi 30 kila upande, na kila ngazi hudabulisha. Mpe ngazi ya 4, mita 75 hivi. Inatosha jahazi moja na mawimbi yanayolizunguka. Hatoshi kusimamisha kaskazi nzima, na hapaswi.

Kisha mpe utata unaotokana na nguvu hiyo hiyo, maana humo utata ndio unaozaa alama za ushujaa: kila mtu huanza kikao na 1, na kila utata unapomuumiza anapata nyingine. Upepo aliouita ukivunja tanga la mvuvi asiyehusika, hiyo ni alama yake moja, na ni mtu mmoja zaidi wa kumwomba radhi.

Nimeombwa pia mfano wa tukio la kwanza. Huu unafaa kwa kanuni zozote zilizotajwa:

Siwa ya Pate, lile baragumu la pembe, imetoweka makumbusho. Si vizuri ipigiwe mabomu wala bunduki. Na naomba sana matukio ya msituni bara msiyaguse, watu wameumia kweli kule, na meza si mahali pake. Wezi wako kwenye jahazi wakielekea kaskazini kwa Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa jahazi hukwama au hulazimika kuzunguka Manda upande wa bahari kuu.

Chora visanduku sita kwenye karatasi mbele ya wachezaji wote. Kila onyesho likiisha, paka kimoja wino. Kikijaa cha sita, maji yamepwa. Wachezaji wataamua wenyewe: kuwachelewesha wezi mpaka maji yawasaliti, au kuwakimbilia sasa huku tanga likiwa limejaa upepo. Weka wafuasi wa adui wanane, na uwahesabu kama watu wa kawaida: kwenye Mutants & Masterminds mfuasi akishindwa mara moja tu kwenye ugumu, yuko chini. Usiwape hadhi ya adui mkuu, vinginevyo pambano la watu wanane litakula kikao kizima.

Mapambano mawili tofauti: mojawapo liwe vichochoroni, juu ya wikio (vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro) na mapaa, ambapo anayeruka hana nafasi ya kugeuka na mwenye nguvu akikosa pigo anabomoa ukuta wa mtu. Hasara ya nyumba iandikwe na iletwe kikao kinachofuata.

---

Malindi_Pwani

Ahsante kaka. La mwisho: nina wachezaji watano, na wawili hupokonya zamu. Mpangilio wa nani aanze unaathiri?

---

KeteNaDadu

Unaathiri sana. Azima utaratibu wa Marvel Heroic Roleplaying ya 2012: aliyemaliza zamu ndiye anayemtaja anayefuata, kati ya wote ambao bado, adui wakiwemo. Wa mwisho katika raundi anachagua atakayeanza raundi mpya, na anaweza kujichagua mwenyewe. Wachezaji wakijitaja wao kwa wao watano mfululizo, adui wote wanabaki mwisho, na wa mwisho wao ataanzisha raundi ya pili kwa adui: mashambulizi mawili mfululizo bila jibu. Wakionja hilo mara moja wataanza kumtaja adui katikati, na kumpa zamu yule mnyamavu mapema kwa sababu wanamhitaji.

Tumia kete moja. Aliyemaliza anamkabidhi anayefuata mkononi. Asiye na kete hasemi kitendo.

---

Mwanafunzi_Mokowe

Tunaanza na Masks kwa dadu mbili, tukishazoea tunahamia kiwango 8. Nitaleta karatasi za wahusika hapa mzikague. Dada Binti_Langoni, mjomba mwenye jahazi awe na ushawishi kwa wote, au kwa mpwa wake tu?

---

Binti_Langoni

Kwa wote mwanzoni, ni mtu mzima. Kisha kila kijana anayefaulu kumkataa maneno anaweza kumvua ushawishi juu yake peke yake. Andika majina pembeni ya karatasi ya mjomba, uyafute mmoja mmoja. Mpwa wake awe wa mwisho.